Kuita sifa kwa jina lake katika makro za Excel

Ripoti ile ile ya mwezi natengenezea vikundi kadhaa vya kuweka na kukopa. Hesabu hazitofautiani, urembo ndio balaa: huyu anataka kichwa cha jedwali kiwe cha njano, yule bluu, mwingine safu zipanuliwe kwa sababu mweka hazina wake haoni vizuri. Zamani kila ombi lilinirudisha kwenye kodi (maandishi ya programu). Siku hizi sifa (kama rangi au upana) na thamani zake zinaandikwa kwenye shiti, na makro, yaani programu ndogo ndani ya Excel, inazisoma kutoka huko.

Ugumu ni kwamba VBA, lugha ya kuandikia makro hizo, haikubali uandike nukta kisha jina lililomo ndani ya kigeu (jina linalobeba thamani). Ukiandika `seli.jinaSifa`, itatafuta sifa inayoitwa jinaSifa, nayo haipo. Unapata kosa namba 438. Dawa yake ni `CallByName`, ambayo imo ndani ya VBA tangu Office 2000. Haihitaji kuongezewa kitu chochote.

Hatua ya 1: ijaribu kwanza

Bonyeza Alt+F11, kisha Ctrl+G. Kwenye dirisha dogo linalofunguka chini andika:

```
?CallByName(ActiveCell, "ColumnWidth", VbGet)
```

Utaona upana wa safu uliyosimama. Unaipa kitu chenyewe, jina la sifa likiwa maandishi, halafu unasema unataka nini: `VbGet` kusoma, `VbLet` kuweka thamani ya kawaida, `VbSet` kuweka kitu kingine, `VbMethod` kuamuru kitendo. Kwa kazi yetu mbili za mwanzo zinatosha.

Hatua ya 2: njia yenye nukta

Hapa ndipo wengi wanakwama. Jaribu kusoma `"Font.Bold"` kwa mkupuo mmoja, 438 inarudi. `CallByName` inajua jina moja tu kwa wakati mmoja. Nukta kwake ni sehemu ya jina, na hakuna sifa yenye jina hilo. Lazima uikate njia vipande, utembee kipande kimoja kimoja mpaka cha mwisho:

```
Sub WekaSifa(ByVal kitu As Object, ByVal njia As String, ByVal thamani As Variant)
    Dim vipande() As String, i As Long
    vipande = Split(njia, ".")
    For i = 0 To UBound(vipande) - 1
        Set kitu = CallByName(kitu, vipande(i), VbGet)
    Next i
    CallByName kitu, vipande(UBound(vipande)), VbLet, thamani
End Sub
```

Usiliache lile `ByVal` la kwanza. Mimi niliwahi kuliacha, na jioni nzima ikaenda. Bila hilo, `Set kitu` inabadilisha kigeu cha aliyeita pia: nilituma seli, nikarudishiwa `Font`. Sifa ya kwanza ikakubali vizuri, ya pili ikagoma, na mimi macho yote kwenye tahajia ya ile ya pili.

Hatua ya 3: shiti ya mipangilio

Fungua shiti, iite Mipangilio. Safu A ni anwani (mfano B1:F1), B ni sifa, C ni thamani. Mstari wa kwanza ni wa vichwa. Kisha:

```
Sub Pamba()
    Dim ws As Worksheet, rp As Worksheet, r As Long
    Set ws = ThisWorkbook.Worksheets("Mipangilio")
    Set rp = ThisWorkbook.Worksheets("Ripoti")
    For r = 2 To ws.Cells(ws.Rows.Count, 1).End(xlUp).Row
        If Len(ws.Cells(r, 2).Value) > 0 Then
            WekaSifa rp.Range(ws.Cells(r, 1).Value), _
                     ws.Cells(r, 2).Value, ws.Cells(r, 3).Value
        End If
    Next r
End Sub
```

Ile `Len` inaruka mistari ambayo safu B iko wazi. Ukiiondoa, `Split` ya maandishi matupu haitoi kipande hata kimoja, na makro inaanguka kwa kosa namba 9. Na `.Value` ya safu C usiione ya ziada: ukiiacha unakabidhi seli yenyewe, si kilichomo ndani yake.

Hatua ya 4: thamani zinazosumbua

`Font.Bold` na TRUE haina shida. Lakini kwa `HorizontalAlignment` usiandike xlCenter kwenye seli. Kwenye kodi neno hilo ni namba. Kwenye shiti ni herufi tupu. Andika -4108 kwa katikati, -4152 kwa kulia.

Rangi nazo zina kichekesho chao. Excel inahesabu nyekundu, jumlisha kijani mara 256, jumlisha bluu mara 65536. Mteja akikupa 1F4E79 kutoka kwenye tovuti yake, usiigeuze moja kwa moja kuwa namba, utapata kahawia badala ya bluu. Jozi zake 1F, 4E na 79 ni nyekundu 31, kijani 78 na bluu 121, hivyo ni 31 + 78×256 + 121×65536, yaani 7949855, na hiyo ndiyo unayoweka kwenye `Interior.Color`.

Kwa `NumberFormat`, ukichapa 0.00 kwenye seli Excel inaifanya sifuri. Tanguliza alama ya ' ibaki maandishi.

Na ukija kusoma badala ya kuweka: eneo lenye seli nyingine za herufi nene na nyingine za kawaida litakujibu `Null` kwa `Font.Bold`. Ukilipokea kwenye kigeu cha Boolean (cha ndiyo au hapana tu), kosa 94. Tumia Variant, kinachobeba aina yoyote.

Hatua ya 5: funga mlango

Shiti hii itaguswa na watu. Mtu akiandika Value (yaani kilichomo ndani ya seli) kwenye safu B, makro itafuta takwimu za ripoti bila kuuliza, na Ctrl+Z haitakusaidia, kwani Excel hairudishi nyuma kilichofanywa na makro. Kwa hiyo, juu kabisa ndani ya `WekaSifa`, chini ya `Dim`, weka:

```
Select Case njia
    Case "Font.Bold", "Font.Size", "Font.Color", "Interior.Color", _
         "NumberFormat", "ColumnWidth", "HorizontalAlignment"
    Case Else
        MsgBox "Sifa hii hairuhusiwi: " & njia
        Exit Sub
End Select
```

Kuna watakaokushauri `On Error Resume Next` ili makro isisimame. Mimi sitaki. Mtu akikosea akaandika Font.Blod, afadhali aone ujumbe palepale kuliko kunipigia simu baada ya wiki akiuliza mbona kichwa hakijakolezwa.