Wimbo wa kudansi, hesabu "moja" zake kwanza

Jamani mnaopanga plelisti za dansi, ile ya bolrumu na ya kilatini, msichague wimbo kwa sababu tu ni mtamu. Shika simu, weka saa ya sekunde 30, cheza wimbo uhesabu ile "moja" tu (pigo la kwanza lenye uzito la kila mzunguko wa mapigo) kila inaporudi, halafu zidisha mara mbili. Walzi ya taratibu inatakiwa kama 28 mpaka 30 kwa dakika, cha-cha 30 mpaka 32, rumba 25 mpaka 27, na walzi ya Vienna inakimbia hadi 58 au 60, kwahiyo hiyo usiwawekee wageni wimbo wa dakika nne watakata pumzi. Walzi zote mbili lazima uhesabu moja mbili tatu, ukijikuta unafika nne huo wimbo weka pembeni hata kama ni mzuri vipi.

Sasa kwenye rumba ndo watu wengi wanachemka. Rumba ya Kongo na hii ya kilatini zote zina damu ya Cuba, sawa, ila ya Kongo ikifika sebene (ile sehemu ya magitaa ya kasi) inachangamka na mtu aliyekuwa anazungusha nyonga polepole anabaki kashangaa katikati ya ukumbi. Kama unaipenda sana (mimi pia naipenda) kata wimbo kabla ya sebene, au iache kwa ajili ya mwisho watu wakishachoka kuhesabu hatua wanataka kujiachia tu.