Kuchagua beringi na grisi za magurudumu ya trela ya kusafiria

Katika trela nyingi za kusafiria za Marekani, kila gurudumu huzunguka juu ya beringi mbili zenye rola za umbo la pia, ya ndani kwa kawaida ikiwa kubwa kuliko ya nje. Anayetaka kuzibadilisha asitegemee uzito ulioandikwa kwenye kibati cha trela, kwa maana ekseli za uwezo mmoja zaweza kuwa na beringi za vipimo tofauti. Ekseli nyingi za pauni 3,500, yaani takriban kilo 1,590, hutumia beringi namba L68149 ndani, ambayo tundu lake ni milimita 35 hivi, na L44649 nje, yenye tundu la milimita 27 hivi. Hata hivyo, zipo zinazotumia beringi za namba nyingine. Kwa hiyo fungua gurudumu kwanza, safisha beringi ya zamani, usome namba iliyochapwa juu yake. Ikiwa imefutika, pima kwa kalipa (kifaa cha kupimia kipenyo) sehemu ya ekseli ambapo beringi hukaa.

Nunua beringi pamoja na kikombe chake, yaani pete ya nje ambayo rola huzunguka juu yake, kwa mfano beringi L44649 na kikombe L44610, kisha ung'oe kile cha zamani hata kama kinaonekana kizima, kwa sababu rola mpya zikizunguka juu ya njia iliyokwisha kulika huharibika mapema. Sili, pete inayozuia grisi isivuje, nayo ina namba yake, na haifai kurudishwa ikishatolewa.

Kuhusu grisi, jina la kampuni lina uzito mdogo kuliko alama zilizo kwenye kopo: tafuta NLGI 2, ambayo ni daraja la ugumu wa grisi, na GC-LB, inayoonyesha kazi ambazo grisi inafaa. GC ndiyo inayohusu beringi za magurudumu. LB ni ya viungo vya chasisi, na ikiwa peke yake haitoshi. Grisi ya lithiamu changamano, yaani iliyokolezwa kwa aina ya sabuni ya lithiamu, hustahimili vyema joto la breki. Rangi isikushawishi, kwani nyekundu au buluu ni rangi iliyotiwa tu. La hatari zaidi ni kuchanganya: grisi ya lithiamu ikikutana na baadhi ya zile zilizokolezwa kwa poliurea au kwa udongo yaweza kulainika, ikavuja kupita sili na kulowesha bitana za breki, yaani sehemu zinazosugua ili kusimamisha gurudumu. Usipojua iliyomo ni ya aina gani, osha yote kwa mafuta ya taa, kausha kabisa, ndipo upake mpya.