Shule ya Malori ya "Bure" Marekani: Soma Mkataba Kwanza

Kama nyumbani ulikuwa na leseni daraja E na umefikisha semi Tunduma mara mia, huku Marekani hizo ni hadithi za kijiweni. Unaanza upya kama mwanafunzi. Ila mimi sikuumia hapo.

Niliumia kwenye neno "bure". Kampuni ilinilipia basi, hoteli na ada ya shule. Siku ya kwanza, hata lori hatujaliona, mama mmoja mchangamfu akatupitishia kishikwambi tusaini. Nikasaini kwa kidole, mkono wa pili umeshika donati. Humo mlikuwa na kifungu: ukiacha kazi kabla ya mwaka kwisha, unadaiwa ada yote. Mwezi wa tano, nalipwa kwa maili huku nikishinda ghalani kusubiri mzigo, nikaondoka. Deni likapelekwa kwa wakusanya madeni, na mwenye nyumba niliyetaka kupanga kwake akaliona kwenye rekodi yangu ya madeni kabla sijamaliza kujieleza.

Mmarekani hakuibii. Anakuandikia, unasaini, anakutakia siku njema.

Basi kabla ya kusaini uliza: nikiondoka nadaiwa kiasi gani? Deni linapungua kila mwezi, au linabaki zima hadi siku ya mwisho? Na wakinifukuza wao? Omba nakala, lala nayo. Wakikuharakisha, ondoka. Narudia: usisaini siku hiyo hiyo.

Mengine ni ya kawaida: cheti cha afya, mtihani wa maandishi, kibali cha dereva mwanafunzi, siku 14 zipite, kisha mtihani wa vitendo. Tangu Februari 2022 shule lazima iwe kwenye orodha ya serikali kuu; isipokuwemo, mafunzo hayahesabiki. Kwenye mtihani wa vitendo, ukaguzi wa lori unautaja kwa sauti, kwa Kiingereza, na ukikosea jaribio la breki za upepo siku yako imeisha. Ukifanyia mtihani lori la otomatiki, leseni haikuruhusu la gia za mkono. Wenye vibali vya muda vya kuishi au kufanya kazi Marekani, ulizeni ofisi ya leseni ya jimbo kabla ya kulipa hata senti. Mambo yamebana tangu 2025.

Na ninyi ndugu zangu wa Dar, picha ya mtoto kaegemea lori si kadi ya gari. Shangazi, tafadhali, kiwanja kisiuzwe.

Wiki iliyopita binamu yangu, yuko Texas, kasema kapata shule ya bure. Nikamwomba anitumie mkataba. Katuma picha ya lori.