Choo, maji na kivuli kwenye saiti ya watu 50

Tuchukue saiti ya kawaida ya Dar es Salaam: ghorofa 4, kazi ya miezi 10, mafundi na vibarua 50 kila siku, na hadi 80 siku ya kumwaga zege la jamvi, yaani sakafu ya zege ya ghorofa. Hesabu zote hapa ni za hao 50. Wakiwa 100, zidisha mara mbili. Wakiwa 25 usikimbilie kugawa, maana nusu ya choo haipo.

Kazi inaanzia mezani, kwenye BOQ, yaani orodha ya vipimo na bei za kazi. Huduma za wafanyakazi hukaa kwenye kurasa za mwanzo pamoja na uzio, bango na ofisi ya saiti, na wengi huandika jumla moja tu. Jumla hiyo hutosha kujenga choo, haitoshi kukitunza. Ndiyo maana saiti nyingi zina choo kizuri mwezi wa kwanza, na mwezi wa tatu watu wanajisaidia nyuma ya rundo la kokoto. Andika mafungu mawili: la kujenga, linalolipwa mara moja, na la kila mwezi, lenye ujira wa msafishaji mmoja, maji ya boza, sabuni, klorini na gari la kunyonya maji taka. Ukilazimika kupunguza, punguza urembo wa jengo la choo, ujira wa msafishaji usiuguse. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003 inamtwika mwajiri jukumu la maji ya kunywa, vyoo, mahali pa kunawa na pa kuweka nguo. Mafundi wa umeme na mabomba walioletwa na mkandarasi mdogo nao ni watu wa kuhesabu, kwa hiyo maliza kwa maandishi nani anachangia nini kabla hawajaingia.

Choo

Weka tundu 1 kwa watu 20 hadi 25. Kwa watu 50 ni matundu 3: mawili ya wanaume na moja la wanawake, hata kama wanawake ni watatu tu wanaobeba maji na mama lishe mmoja. Mlango wao uwe upande mwingine, komeo liwe ndani, na pawe na ndoo yenye kifuniko ya kutupia pedi. Wanaume waongezee mfereji wa kukojolea wa mita 2, unaopunguza foleni kuliko tundu la nne.

Mahali pawe mwendo usiozidi dakika 2 kutoka kwenye kazi, mbali na jukwaa la kupandia na njia ya winchi, na gari la kunyonya liweze kusogea hadi umbali wa mita 20 kutoka shimoni. Halafu fungua ramani ya jengo: shimo lisikae mahali pa nguzo, chemba wala karo la kudumu. Kosa hili huonekana miezi 6 baadaye, na kulirekebisha ni kazi chafu kweli.

Aina ya shimo inategemea maji ya ardhini. Sehemu za miinuko kama Kimara na Goba shimo la kawaida linafaa: mita 1.2 kwa 1.2, kina mita 3, mradi chini yake pabaki angalau mita 1.5 kabla ya kufika maji, na kisima kiwe mbali, mita 30 au zaidi. Kinyesi kinachobaki na kushindiliwa ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Kwa watu 50 wanaoshinda hapo mchana tu kwa miezi 10 hakifiki mita 2 za ujazo. Shimo likijaa mwezi wa nne, tafuta maji ya mvua yanayoingia juu, au takataka. Mara nyingi ni karatasi za mifuko ya saruji: maji yakikosekana chooni, watu hujifutia hizo, sinki la choo linaziba na shimo linajaa. Ukiona karatasi hizo, usigombane na vibarua, angalia pipa la maji.

Udongo wa kichanga hubomoka. Usimwingize mtu kwenye shimo la kichanga lenye kina cha zaidi ya mita 1.2 bila mbao za kuzuia kuta, na lijengee tofali hadi chini, viungio vya wima vya sehemu ya chini ukiviacha wazi.

Mikocheni, Msasani na mabondeni kama Jangwani maji yako karibu, kwa hiyo shimo la kawaida, linaloacha maji yanywee ardhini, halifai. Jenga tangi la tofali lililopigwa plasta isiyopitisha maji, mita 2 kwa 1.5 kwa 1.5, nusu yake likiwa juu ya ardhi, na vyumba vya choo vipandiwe kwa ngazi. Linabeba lita 4,500. Watu 50 kwa lita 6 kila mmoja kwa siku, maji ya kumwagia yakiwemo, ni lita 300, yaani siku 15 za kazi. Agiza gari siku ya 12. Ukingoja lijae ndipo upige simu, litafurika wakati gari liko foleni. Maji ya kunawia yasielekezwe humo, yatalijaza kwa siku chache.

Juu ya shimo mimina jamvi la unene wa sentimita 8, nondo za milimita 10 kila sentimita 15, na sinki la kuchuchumaa lenye kona ya maji ya kuzuia harufu. Sakafu iteremke kuelekea sinki. Kuta za mabati juu ya mbao zinatosha, ukiacha sentimita 15 wazi chini ya paa. Bomba la hewa la inchi 4 lipite paa kwa nusu mita, mdomo ufunikwe wavu.

Jengo likifika ghorofa ya tatu tatizo hugeuka: hakuna atakayeshuka ngazi zote hizo kwenda kukojoa. Atatumia kona au chupa. Funga bomba la PVC la inchi 4 kutoka ghorofa ya pili na ya nne hadi kwenye shimo au tangi la choo, na kila kituo kiwe na faneli pana, kizuizi cha turubai na ndoo ya maji ya kusukumia. Vyoo vya kudumu vya jengo vifungwe kwa misumari hadi mabomba yaunganishwe. Kimoja kikianza kutumika kikavu, utabomoa vigae.

Maji

Kwa siku mtu mmoja apate lita 5 za kunywa, 10 za kunawa na kuoga miguu, na 5 za choo. Jumla ni lita 1,000, kwa hiyo simtanki la lita 2,000 ni akiba ya siku 2. Tangi hilo likijaa lina tani 2. Lisimame juu ya nguzo za tofali na kibamba cha zege. Mirunda haitoshi, na mbao zenye nafasi katikati hupasua kitako cha plastiki.

Maji ya zege na ya kumwagilia jamvi yawe na tangi lake na mpira wake. Ukiunganisha, kufika saa 4 asubuhi tangi la watu ni tupu. Maji ya visima vingi vya pwani yana chumvi, na watu wakiyakataa hunywa kidogo mno juani. Ya kunywa leta ya bomba. Kila ghorofa iwe na ndoo ya lita 20 yenye koki na kifuniko, ijazwe asubuhi, mchana na kila inapokaribia kuisha. Weka kidonge kimoja cha klorini cha miligramu 67, ngoja dakika 30. Kikombe kimoja cha wote hueneza kuhara, kila mtu awe na chupa yake.

Kunawa si suala la adabu tu. Saruji mbichi ni kali kuliko magadi, na ikikaa kwenye vidole siku nzima hula ngozi. Wengi huosha mikono kwenye pipa walilooshea mwiko, ambalo maji yake yana saruji ileile. Weka bomba la inchi 4 lililopasuliwa kati kuwa mfereji wa mita 3, na koki 5 juu yake, kila sentimita 60. Saa 11 jioni watu 50, dakika 2 kila mmoja, wanamaliza ndani ya dakika 20. Kipande cha sabuni kikiachwa wazi kinaondoka siku ya kwanza, kitie kwenye wavu uliofungwa kwenye koki. Rangi itolewe kwa mafuta ya kupikia, kisha sabuni. Petroli na thina zisikaribie ngozi. Saruji ikiingia jichoni, lioshe kwa maji safi yanayotiririka dakika 20, kisha hospitali.

Kula na kubadili nguo

Banda la mabati lenye mabenchi, sentimita 60 kwa mtu, zamu 2 za chakula. Lisiwe stoo ya saruji wala ya petroli. Mama lishe apewe sehemu yake, maji ya kuoshea vyombo na jalala lenye kifuniko. Chumba cha nguo kiwe na misumari mirefu ukutani na kufuli moja ambayo ufunguo wake unakaa kwa mlinzi.

Ratiba

Msafishaji apige mswaki vyoo asubuhi, mchana na jioni. Dawa ya klorini ya asilimia 3.5, kipimo 1 kwa vipimo 6 vya maji. Asichanganye kamwe na dawa ya choo yenye asidi, mvuke wake unaua. Jumatatu amwage na kusugua mapipa yote na maji yaliyotuama kwenye jamvi, kwa sababu mbu wa dengi hutoka yai hadi kuruka ndani ya siku 7 hadi 10. Jioni fomeni akague kwa kutumia choo chenyewe. Karatasi ya sahihi mlangoni hujazwa ya wiki nzima kwa mkupuo mmoja, usiitegemee.

Wakati wa kuondoka, nyonya tangi, livunje kitako, jaza kifusi. Shimo lijazwe chokaa na udongo hadi kichuguu cha nusu mita, kwa kuwa udongo utashuka, na pawekwe alama kwenye ramani anayokabidhiwa mwenye jengo.