Namna ya Kujiandaa kwa Upasuaji wa Retina Iliyobanduka kwa Mwenye Kisukari

Retina ni utando mwembamba uliotandazwa ndani ya jicho, upande wa nyuma, na ndiyo inayopokea mwanga na kupeleka habari zake kwenye ubongo. Kisukari cha miaka mingi huharibu na kuziba mishipa midogo ya damu inayoilisha retina. Jicho, kwa kukosa oksijeni ya kutosha, huotesha mishipa mipya ambayo ni dhaifu, huvuja damu kwa urahisi na hukua pamoja na nyuzi za kovu. Kovu husinyaa, na linaposinyaa huku limeshikamana na retina, huivuta hadi ikabanduka kutoka kwenye ukuta wa jicho.

Jambo la kwanza ni kutongoja maumivu, kwa sababu hayaji. Kubanduka kunakotokana na retina kuchanika huanza ghafla, na mgonjwa huona vimulimuli na vidoa vyeusi vinavyoelea. Kubanduka kwa kuvutwa na kovu huweza kuendelea kwa wiki au miezi bila ishara kali, na jicho la pili likifanya kazi vizuri mgonjwa huenda asigundue lolote. Kwa hiyo mwenye kisukari azoee kufunika jicho moja kwa kiganja, kisha la pili, na kutazama kitu kilekile kwa kila jicho peke yake. Akiona mistari iliyonyooka imepinda, kivuli kama pazia, au wingu la vidoa vipya, aende kliniki ya macho siku hiyohiyo.

Daktari atayapanua macho kwa matone na kutazama ndani. Damu ikiwa imejaa mbele ya retina kiasi cha kuizuia isionekane, hutumia ultrasaundi. Swali kubwa analotafuta kulijibu ni iwapo makula, yaani sehemu ya katikati ya retina tunayoitumia kusoma na kutambua nyuso, imeguswa. Kovu likivuta pembeni tu, huenda akaamua kufuatilia bila kupasua. Makula ikivutwa, au retina ikiwa pia imechanika, upasuaji hauahirishwi.

Kabla ya kutia saini fomu ya ridhaa, uliza makula imebanduka tangu lini, jicho litajazwa gesi au mafuta ya kuishikilia retina, utapigwa ganzi ya jicho tu au utalazwa usingizi, na uoni unaotarajiwa ni upi hasa. Swali hili la mwisho ndilo watu huogopa kuliuliza, nami naliona kuwa muhimu kuliko mengine yote. Wengi wamewaona jamaa zao wakitolewa mtoto wa jicho na kuona vizuri siku chache baadaye, wakadhani upasuaji wa retina ni vivyo hivyo. Retina iliyokosa damu kwa miaka haifufuki kwa kurudishwa mahali pake. Mara nyingi shabaha ni kuokoa uoni uliobaki na kuzuia upofu kamili, na anayelijua hilo mapema huvumilia vizuri zaidi miezi inayofuata.

Maandalizi ya mwili yanahitaji uangalifu. Usibadilishe dozi ya insulini kwa kukisia: kwa kuwa huenda ukatakiwa kufunga kula, omba maelekezo ya maandishi yanayosema upunguze kiasi gani, usiku na asubuhi, na ufanye nini sukari ikishuka ukiwa njiani. Vidonge vya kisukari vya kundi la dapagliflozini na empagliflozini kwa kawaida husimamishwa takriban siku 3 kabla ya upasuaji, kwa sababu mtu anayefunga huku akivitumia anaweza kujaa asidi katika damu hata sukari yake ikionekana ya kawaida. Mweleze daktari kama unavitumia. Dawa za kuzuia damu kuganda usiziache kwa uamuzi wako. Taja pia presha, kusafishwa damu kwa ajili ya figo, na kikohozi au kubanwa kifua unapolala chali, maana upasuaji huu huweza kuchukua zaidi ya saa nzima nawe unatakiwa utulie.

Huenda ukachomwa sindano ya bevacizumab ndani ya jicho siku chache kabla, ili mishipa mipya inywee na damu isitoke sana wakati wa upasuaji. Ukishachomwa, usikose tarehe uliyopangiwa. Mishipa inaponywea, kovu huweza kukaza haraka na kuivuta retina zaidi kuliko mwanzo, na kuchelewa hapo kunaweza kuligharimu jicho.

Upasuaji wenyewe huitwa vitrektomi, na mbinu yake ilianzishwa na Robert Machemer nchini Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970. Siku hizi daktari hupitisha vyombo vyembamba katika matundu matatu, kila moja likiwa na upana wa karibu nusu milimita, kwenye sehemu nyeupe ya jicho. Huukata na kuunyonya ute mzito uliojaa ndani, huyakata na kuyabandua makovu kidogo kidogo, huchoma sehemu za retina zilizokosa damu kwa leza, kisha, inapohitajika, hujaza jicho gesi au mafuta ya silikoni ili retina ishikiliwe mahali pake inapopona.

Ukiwekewa gesi, usipande ndege wala kwenda maeneo ya milimani hadi daktari athibitishe kuwa imekwisha, kwa kuwa hewa ya nje inapopungua mgandamizo gesi hutanuka na presha ya jicho hupanda kiasi cha kuweza kuua uoni. Gesi ya SF6 hudumu takriban wiki 2, na C3F8 hufikia wiki 6 hadi 8. Katika kipindi hicho, mwambie kila mhudumu wa afya kuwa una gesi jichoni, kwani gesi ya usingizi iitwayo nitrasi oksaidi ni hatari kwako. Mafuta hayana katazo la ndege, lakini kwa kawaida huhitaji upasuaji mwingine wa kuyatoa baada ya miezi kadhaa.

Ukiagizwa kulala kifudifudi au kuinamisha kichwa, uliza kwa saa ngapi kila siku na kwa siku ngapi, kisha panga mito na mtu wa kukusaidia kabla hujaenda hospitalini. Nawa mikono kila unapotia matone, usilisugue jicho, na lifunike kwa kikinga kigumu unapolala. Endelea kupima sukari kama ulivyozoea, na zaidi kidogo ikiwa umepewa dawa za steroidi za kumeza au za sindano.

Kukwaruza na wekundu wa siku za mwanzo ni kawaida. Maumivu yanayoongezeka, kichefuchefu kinachoambatana na maumivu ya jicho, usaha, au uoni unaozidi kufifia si kawaida, na hayangoji tarehe ya kliniki: presha ya jicho huenda imepanda, au viini vimeingia ndani. Miezi ikipita, mtoto wa jicho naye hutokea mara nyingi katika jicho lililofanyiwa vitrektomi, lakini huyo hutibika.

Katika ziara ya kwanza baada ya upasuaji, omba jicho la pili nalo lichunguzwe kikamilifu, kwa sababu kisukari hushambulia yote mawili, na huenda lile unaloliona zima bado liko katika hatua ambayo leza au sindano pekee zinatosha kuliokoa.