Usimuulize bibi mwaka

Ukitaka kumbukumbu za wazee wa kwenu, acha kuuliza "ilikuwa mwaka gani?" Mzee ataguna, atasema "zamani sana mjukuu wangu," na mazungumzo yameishia hapo. Muulize kwa tukio. Hapa Kigoma matukio tunayo tele: ilikuwa kabla ya vita vya Amin au baada? Wakimbizi wa Kongo walipovuka ziwa mwaka 1996, ulikuwa umeshahamia Mwanga au bado uko Ujiji? Mwalimu Nyerere alipofariki mwaka 1999, huyu mtoto alikuwa anatembea? Ukishabana kati ya matukio mawili, mwaka wenyewe utaukadiria baadaye.

Halafu usimkalishe kwenye kiti kama shahidi mahakamani. Msogelee akiwa na kazi mkononi, anachambua dagaa, anatoa mchanga na vijiti, macho yake yakiwa kwenye ungo. Hapo ndipo majina ya watu yanapotoka, na nani alimkopa nani asilipe (hayo ndiyo matamu, tuseme ukweli). Mwombe ruhusa kwanza, ndipo uwashe simu irekodi. Akikataa, sikiliza tu, uandike jioni hiyo hiyo.

Picha za zamani nazo mpelekee. Majina yaandike nyuma kwa penseli laini, taratibu, pembeni. Kalamu ya wino hupenya au huchafua picha nyingine zikibanana kwenye bahasha. Anza na wale ambao yeye peke yake ndiye anawajua.