Bakteria wa msituni dhidi ya mmomonyoko: tunavyofanya kwenye miteremko ya Usambara

Wengi wanaoniuliza habari hii ya kuzuia mmomonyoko kwa bakteria wameshasikia kuna dawa ya kumimina mlimani udongo ukaganda. Ni kweli ipo. Bakteria aitwaye Sporosarcina pasteurii, akipewa urea na chumvi ya kalsiamu, hutengeneza chokaa inayoshikamanisha chembe za mchanga. Ila njia hiyo inafaa zaidi kwenye mchanga, ina gharama, na huacha amonia ardhini. Kwa udongo mwekundu wa mfinyanzi wa Lushoto, tena juu ya vyanzo vya maji, siishauri. Bakteria tunaowahitaji wapo tayari msituni. Kazi ni kuwahamisha, kuwalisha na kuwafunika.

Wanashikaje udongo? Wakila majani yanayooza hutoa ute unaonata, na ute huo huunganisha chembe kuwa punje ambazo mvua haizivunji kirahisi. Nyuzi za kuvu na mizizi midogo husaidia kuzifunga. Wapo pia rizobia, wanaoishi kwenye mizizi ya jamii ya kunde na kuipatia naitrojeni ya hewani, ndiyo maana mti kama mshai huweza kukua hata pale udongo wa juu ulipokwisha kwenda na maji.

Hatua ya 1: Jua udongo wako

Chukua bonge kavu, ukubwa wa punje ya hindi, kutoka msitu usioharibika, na jingine kutoka mteremko ulioharibika. Yatumbukize taratibu kwenye glasi mbili za maji, kisha kaa utazame. La mteremkoni litatoa mapovu, kingo zitaanza kubomoka, na baada ya muda mfupi utaona rundo la tope chini ya glasi. La msituni hubaki bonge, maji yake karibu safi kabisa. Rudia kila masika yanapoisha, kwa udongo wa mahali palepale, ila usitarajie maajabu mwaka wa kwanza.

Ukiweza, peleka sampuli kituo cha TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania) cha Mlingano, Muheza, wapime pH, yaani kipimo cha tindikali, na fosforasi. Udongo mwingi wa milima yetu una tindikali, na pH ikishuka chini ya 5 rizobia wengi hudhoofika. Hapo changanya chokaa kidogo ya kilimo kwenye udongo wa viriba, ile mifuko ya kuoteshea miche.

Hatua ya 2: Chota udongo wa msituni uwe mbegu ya bakteria

Omba ruhusa kwanza: TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania) kama ni hifadhi ya serikali, kamati ya maliasili kama ni msitu wa kijiji. Usichote kimyakimya eti ni ndoo moja tu.

Tafuta mshai wenye afya. Ondoa majani makavu, chimba sentimita 5 hadi 15, uchukue udongo pamoja na vijizizi vyake. Epuka miti inayonyauka, usije ukabeba ugonjwa hadi kitaluni. Funika kwa gunia bichi, weka kivulini, utumie ndani ya siku chache, maana jua na ukavu huwaua hawa bakteria upesi. Chota karibu na utakapopanda. Udongo wa baridi ya Magamba sio wa kupeleka joto la Maramba.

Hatua ya 3: Kitaluni

Kwa ndoo tisa za mchanganyiko wako wa kawaida (udongo, mchanga, mboji iliyoiva), weka moja ya udongo wa msituni. Loweka mbegu za mshai usiku kucha, panda, weka kivuli. Usitie mbolea za naitrojeni kama urea au CAN: mche ukipata naitrojeni ya bure, hauna haja ya kuwakaribisha rizobia. Na msidanganywe na mjohoro. Ni ndugu wa kunde, lakini hauoti vinundu, vile vivimbe vya mizizini ambamo rizobia hukaa.

Hatua ya 4: Kagua mizizi

Miche ikiwa na majani ya kutosha, toa michache sampuli. Usiing'oe, chana kiriba, osha mizizi kwenye beseni. Utaona vinundu vidogo vimeshikilia pembeni ya mzizi. Kata kimoja kwa wembe. Ndani kukiwa na rangi ya waridi au nyekundu, bakteria wanafanya kazi. Kijani au kijivu, wamechoka au hawafai. Vyeupe vidogo bado vichanga, subiri. Usipoona kitu kabisa, ongeza udongo wa msituni juu ya viriba, mwagilia, kagua tena baadaye.

Hatua ya 5: Andaa mteremko

Pima kontua, yaani mstari wa kimo kimoja unaokatiza mteremko, kwa fremu ya A, ile ya miti miwili, ubao wa kati na jiwe kwenye kamba. Laza matawi kwenye mstari wa kontua, yapigilie vigingi, jaza majani nyuma yake. Hicho ndicho chakula cha bakteria. Ukiyachoma umewachoma na wao. Wakaeni kwanza na wenye mashamba ya jirani, kwani watu wa Mlalo, hapa Lushoto, hawajasahau matuta ya kulazimishwa enzi za Mwingereza, na kazi ya kuamrishwa milimani haidumu.

Hatua ya 6: Panda

Subiri masika yaloweshe ardhi vizuri. Panda nyuma ya matawi, mita 2 hadi 3 kati ya mche na mche, changanya mshai na miti mingine ya asili ya hapo. Kaliandra na gliricidia, miti ya kigeni, ziacheni mipakani mwa mashamba, msiziingize msituni. Tandaza majani, lakini yasiguse shina. Palilia kuzunguka mche tu, na mbuzi wasisogee. Iliyokufa ifidie wakati wa vuli.

Penye korongo, mambo ni mengine. Bakteria hawazibi korongo. Kata kwanza maji yanayoingilia juu, jenga vizuizi vya mawe au magogo, na tope likishatuama nyuma ya vizuizi, hapo ndipo ulete miche.